Laptopu Uliyonipa Bado Inawaka

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kujaza kapu na kumwagika. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la barabara umekwisha kukipa talaka. Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikohoa hadi shemeji yako, aliyekuwa upande wa pili wa chumba, akauliza ni nani anayewasha pikipiki. Je, unakunywa maji? Unafunga kitambaa puani kama nilivyokuambia, au umewaachia vibarua wafunge, wewe ukatembea kifua mbele kwa kuwa ni mhandisi wa barabara? Sisi huku hatujambo. Nyumba imesimama, na shemeji yako anaendelea na kazi yake ya kunyoa. Wateja humletea vichwa pamoja na habari za mtaa mzima, naye huvipokea vyote viwili kwa furaha ileile.

Sasa nije kwenye swali lako. Umesema umeiona laptopu mpya, nyembamba kama daftari la shule, na kwamba nikisema neno tu utaninunulia, maana ile uliyonipa imezeeka nawe unaona aibu kusikia dada yako bado anaitumia. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko kawaida. Nilishika simu nikupigie, nikaiweka. Wewe nimekulea, ukinisikia nikivuta pumzi tu unajua kuna jambo, kisha unaanza kuuliza maswali kama polisi. Kwenye karatasi angalau utaningoja nimalize.

Kwanza hiyo laptopu yenyewe. Ni kweli imezeeka, siwezi kuitetea. Bawaba ya upande wa kushoto imekatika, hivyo skrini nimeiegemeza kwenye kamusi nene. Nikiiondoa kamusi inalala chali kama mtu aliyeshiba. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya, na umeme ukikatika inazimika bila kuaga. Herufi ya N imefutika kabisa kwenye kibodi. Feni yake ilikuwa ikianza kunguruma wageni ofisini wanageuka kutafuta gari linatokea wapi. Lakini ukiiwasha, inawaka. Unaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijakuonyesha chochote, lakini inawaka. Watoto wangapi wamejifunza kujumlisha na kutoa kwenye kurasa zilizopangwa humo, sijui. Wewe uliponiletea, ukiwa umetoka kuajiriwa na shati bado lina mikunjo ya dukani, nilikugombeza kwamba ungeanza na kitanda chako. Nilikugombeza ili usinione nikilia. Hilo nadhani ulilijua.

Pale ofisini, kama ujuavyo, mimi ndiye Mama Kurasa. Mwandishi akileta maandishi, mchoraji akaleta picha, mimi ndiye ninayevikalisha pamoja, picha isiyakanyage maneno wala maneno yasimwagike nje ya ukurasa. Bosi wetu, mama mmoja mwenye sauti ndogo ambayo hakuna anayethubutu kuikatiza, alikuwa na desturi ya kusema kwamba kazi akinipa mimi, yeye huihesabu imekwisha. Basi mwaka huu kazi zikaanza kuchelewa. Mwanzoni kidogo tu, hakuna aliyejali. Kisha kitabu cha hesabu cha darasa la tatu kikachelewa kwenda mitamboni kuchapwa hadi mwenye mtambo akampa nafasi yetu mtu mwingine, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Bosi hakufoka. Alikuja akasimama nyuma yangu, akaitazama laptopu ikinguruma, akasema mashine hii itatuaibisha. Wenzangu wote wakaitikia. Mchoraji akasema ipelekwe makumbusho, iwekewe na kibao. Nami nikacheka nao, nikaipiga kofi dogo kwenye kifuniko, nikasema huyu mzee ananitesa kweli.

Tangu hapo lawama zote zikawa za laptopu. Nikichelewa, ni laptopu. Ukurasa ukitoka na herufi zilizojirudia, “mamaaa” badala ya “mama”, ni kibodi imechoka. Picha ikikaa upande, ni kipanya kimeingia vumbi. Wenzangu wakawa wananipa pole kila asubuhi kana kwamba nina mgonjwa nyumbani. Bosi, kwa wema wake, akasema ofisi itaninunulia nyingine. Ungedhani ningeruka kwa furaha. Badala yake nikaanza kutafuta sababu. Nikamwambia vitabu vyangu vyote vya zamani vimo humo. Akasema fundi atavihamisha. Nikasema kibodi ile nimeizoea, vidole vyangu vinaijua njia. Akasema vidole vitajifunza njia nyingine. Nikasema mdogo wangu ndiye aliyenipa. Hapo akalegea, maana naye ana mdogo wake. Akakubali fundi aitazame kwanza, kisha ndipo tuamue.

Fundi wetu wa kompyuta ni bwana mmoja mpole, baba wa mapacha, tunayemwita Zima-Washa. Ukimpelekea tatizo lolote, hata ukimwambia jino linakuuma, jibu lake la kwanza ni kwamba uzime halafu uwashe. Aliichukua laptopu yangu, akaniachia mashine ya akiba ya ofisi, mpya, bado ina ile karatasi laini juu ya skrini. Akasema nifanyie kazi hiyo mpaka atakaponirudishia yangu.

Mdogo wangu, siku ile sitaisahau. Nilibonyeza, ikawaka kabla sijavuta kiti. Nikafungua kitabu cha hesabu, kikafunguka papo hapo, kurasa zote zimejipanga zinanitazama. Kisha kimya. Hakuna feni, hakuna kungoja. Kile kijistari chembamba kinachoonyesha mahali pa kuandika kikawa kinatokea na kupotea, kinatokea na kupotea. Nikaanza kuandika. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikashuka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Kikagusa herufi, kikairudia bila kuombwa. Nikafuta, nikaandika tena. Nikashika kipanya nisogeze picha ya machungwa iende karibu na swali lake. Ikaenda ikapita, nikairudisha ikapita tena, ikawa inacheza ukurasani kama nzi. Wenzangu walikuwa wanaenda na kurudi, wananipongeza kwa mashine mpya, nami naitikia huku nimeukalia mkono. Miaka yote mimi ndiye niliyeingoja mashine. Siku ile mashine iliningoja mimi, na ilikuwa na subira ya kutisha.

Basi ngoja nikuambie, maana ndilo hasa lililonikalisha hapa kukuandikia. Si laptopu iliyokuwa inachelewa. Ni mimi.

Mkono wangu wa kulia ulianza kuwa mzito na kutetemeka kabla hata vitabu havijaanza kuchelewa. Nilikuwa najua. Jina lake sikulijua, lakini nilijua. Nikikaa bila kazi, kidole gumba kinasugua kidole cha pili kama mtu anayeviringisha kipande cha karatasi. Nikitembea, mkono huo umening'inia tu, haupungi kama mwenzake. Mwandiko wangu umesinyaa. Naanza mstari kwa herufi za watu wazima na kuumaliza kwa herufi za sisimizi. Ndiyo maana kadi zangu kwako zimekuwa zikija zimechapwa, nawe ukanitania kwamba Dada amekuwa mkubwa wa ofisi. Laptopu yako ilikuwa pazia langu. Ilikuwa inachelewa, nami nachelewa, na hakuna aliyeweza kusema ni nani kati yetu amemchelewesha mwenzake. Ulipoandika kwamba ninaing'ang'ania kwa sababu ya mapenzi, niliona haya. Mapenzi yalikuwapo, lakini woga ulikuwa mwingi zaidi.

Zima-Washa aliporudisha laptopu, ilikuwa imesafishwa, feni imenyamaza, ameiongezea memori, inawaka kama iliyozaliwa jana. Aliiegemeza skrini kwenye kamusi mwenyewe. Alivuta kiti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mashine sasa haina neno, na kwamba kibodi ameipunguzia haraka, ili herufi ikibonyezwa mara nyingi kwa bahati mbaya, yenyewe iihesabu mara moja tu. Kisha akainuka, akaomba radhi kama mtu aliyenikosea, akaenda zake. Nikabaki nikiitazama ile kibodi. Mtu harekebishi kitu kama hicho kwa sababu ya mashine. Alikuwa ameziona zile herufi zangu, akaelewa. Bosi alipomwuliza, nilimsikia akijibu kwamba laptopu ni ya zamani lakini kazi inafanya, na yaliyobaki angefaa kuniuliza mimi mwenyewe. Hakunisemea, na hakunidanganyia. Nilimshukuru kwa yote mawili, ingawa ilinichukua muda kumshukuru kwa hilo la pili.

Jioni nilirudi nyumbani nimeamua kumwambia shemeji yako. Unamjua alivyo: kutwa nzima anaongea, mteja akikaa kwenye kile kiti haondoki mpaka asikie mpaka mwisho hadithi ambayo hakuiuliza. Nilimkuta chumbani anakunja nguo. Nikasema nina jambo kuhusu mkono wangu. Hakugeuka. Aliendelea kuikunja blauzi, akaifungua, akaikunja tena ileile. Ndipo nikaliangalia kabati. Blauzi zangu zenye vifungo vidogo zilikuwa chini kabisa, na juu zimekaa zote zisizo na vifungo, za kupitisha kichwani tu. Nikaanza kukumbuka na mengine. Kopo la sukari ambalo siku hizi halikazwi kifuniko. Kikombe changu cha chai kinachojazwa nusu tu. Nilikuwa nikiyaona hayo kila siku bila kuyaona.

“Ulijua?” nikamwuliza.

“Mimi mkono wangu ukicheza kidogo tu, namkata mtu sikio,” akasema. “Nitakosaje kuuona wako?”

Nikataka kujua kwa nini alinyamaza, mtu ambaye hawezi kunyamaza hata kwenye foleni ya benki. Akaiweka ile blauzi kitandani.

“Niliona unanificha. Nikasema labda bado hujajiambia mwenyewe. Sikutaka kukuwahi.”

Nililia, mdogo wangu, nilivyokuwa sijalia tangu tumzike mama. Naye akalia, na kwa kuwa yeye hajui kulia kimya, jirani akagonga ukuta. Tukaanza kucheka. Akaniambia kwamba angalau sasa ataweza kunywa kikombe kizima, maana kila alipojaza changu nusu, alijaza na chake nusu ili nisiulize, na mwaka mzima ametembea na kiu. Hebu fikiria. Mimi nilikuwa namficha yeye mkono, yeye ananificha mimi kiu yake, tumekaa meza moja.

Tulikwenda hospitali pamoja. Daktari wa mishipa ya fahamu ni binti mdogo kuliko wewe, ana macho ya kusikiliza. Aliniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada haraka niwezavyo. Akaniagiza nitembee ukumbini hadi mlangoni na kurudi, akaniambia niandike sentensi yoyote ninayoitaka. Niliandika kwamba machungwa matatu ukiongeza mawili ni matano. Alicheka, kisha akaitazama ile sentensi ilivyokuwa inapungua kuelekea mwisho, akaacha kucheka. Akanieleza yote bila haraka. Ugonjwa wanauita Parkinson. Hautibiki ukaisha, lakini dawa zipo, na mazoezi, na watu wengi huishi nao miaka mingi wakiendelea na shughuli zao. Nilimwuliza kama ni wa kurithi, maana mawazo yangu yalikimbilia kwako kabla hayajanirudia mwenyewe. Akasema mara nyingi sana sivyo. Kwa hiyo nakuomba usilale huko kambini umenyoosha mikono hewani unajitazama vidole. Nakujua.

Dawa zimeanza kunisaidia. Asubuhi mkono unakuwa mzito kama haujaamka, kisha dawa ikishaingia nao unaamka, tunaelewana kwa saa kadhaa. Shemeji yako ananitembeza kila jioni, ananihesabia hatua kwa sauti kama mkuu wa gwaride, watu wanatuangalia. Nimemzuia, hazuiliki.

Bosi nilimwambia mwenyewe. Alifunga mlango, akaacha kiti chake, akaja kukaa kwenye kile cha wageni karibu yangu. Alisema kwamba alikuwa karibu kunipa onyo, na kila alipotaka kuniita aliionea huruma ile laptopu. Hatukujua tucheke au vipi. Tumekubaliana kwamba nitapanga kurasa katika zile saa ambazo mkono uko na mimi, na saa nyingine nitakagua kurasa za wengine kabla hazijaenda mitamboni, kwa kuwa jicho langu bado halina mchezo. Sitakuficha kwamba si yote yamekuwa rahisi. Kitabu cha sayansi, nilichokuwa nikikisubiri tangu mwaka jana, amepewa msichana mpya. Siku nilipokiona mezani kwake nilikwenda kujifungia chooni mpaka uso wangu uliporudi mahali pake. Nilipotoka nilimwonyesha jinsi ya kuzuia mchoro wa moyo usikatwe katikati na ukunjo wa kitabu. Alinishukuru. Bado nilikuwa na wivu. Wivu huo ninao hata sasa ninapokuandikia, wala sioni haya kukuambia.

Hivyo basi, kuhusu laptopu. Ile mpya ya ofisi nimeikubali, na sasa ikiningoja haiudhi sana; nami nimejifunza kuiacha ingoje. Hii yako nimeirudisha nyumbani, ndiyo iliyo mbele yangu sasa. Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, asubuhi baada ya dawa, shemeji yako akipita nyuma yangu akijifanya anatafuta kitu. Usininunulie nyingine. Sikatai kwa kukuonea huruma, wala kwa heshima, ila sina kazi nayo. Hicho ulichokuwa umekiweka kwa ajili yake kigeuze nauli, uje.

Usije mbio kama mtu aliyeitiwa msiba. Omba likizo kwa utaratibu, maliza kipande chako cha barabara, ndipo uje. Chumba cha mbele nimekwisha kukitayarisha. Shemeji yako anasema nywele atakunyoa bure, na kwa jinsi ulivyoonekana kwenye ile picha ya mwisho, nakushauri ukubali. Nataka tukae tu. Nataka uniambie habari za hilo daraja lenu ambalo kila ukilianza simu inakatika.

Najua ukimaliza kusoma utataka kupiga simu papo hapo. Piga, lakini lia kwanza peke yako mpaka umalize, ndipo upige. Tukilia wote wawili muda wa maongezi utakwisha bila neno la maana, na mimi nataka kukusikia.

Wasalimie wenzako wote wa kambini, na yule mpishi wenu anayekaanga mayai mpaka yanakuwa soli za viatu. Shemeji yako anakusalimu sana. Alitaka kuongeza neno lake hapa chini, nikamwambia asubiri uje, maana neno lake moja lingehitaji bahasha yake peke yake. Jihadhari na vumbi. Kula vizuri. Na ukifika, nakuomba jambo moja: usiutazame mkono kwanza. Nitazame usoni, unisalimie kama siku zote, tuingie ndani, ukae. Kisha mimi mwenyewe nitakupa mkono, uushike, uutazame utakavyo.

Akupendaye daima,
Dada yako,
Mama Kurasa